Kata moja Dodoma, tahajia nne: hii h ya Ng'hong'honha inatamkwa au ni pambo?

Kijana wa Iyumbu

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linanitatiza, naomba wajuvi wa lugha na hasa wenyeji wa Dodoma mnisaidie. Huku upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma kuna kata ambayo kila mtu anaiandika anavyojua yeye. Barua ya mtendaji inasema Ng'hong'honha. Kioo cha daladala kinasema Ng'ong'ona. Dalali wa viwanja kaniandikia Nghonghona, na risiti ya duka la vifaa vya ujenzi ina Ngongona kavu kabisa, haina hata alama moja.

Ningeyaacha yapite, ila juzi nilikuwa najaza fomu ya mtandaoni ya taasisi moja. Kwenye sehemu ya kata nikaandika kama ilivyo kwenye barua. Mfumo ukanirudishia maandishi mekundu: herufi zisizoruhusiwa. Nikafuta vile vikoma vya juu, ikakubali. Nafika dirishani kuhakiki, dada ananiambia kata ya kwenye fomu na ya kwenye barua hazifanani, nikajaze upya. Namwambia mfumo wenu ndio uliokataa, ananijibu, "Kaka, hayo ya mfumo mimi siyajui."

Mimi ni mtu wa Lindi, kazi tu ndiyo imenileta huku, kwa hiyo siwezi kubishana na mtu kuhusu Cigogo, lugha ya Wagogo. Nauliza tu: hizo h zinatamkwa kweli? Na nani alikaa akaamua sauti fulani iandikwe hivi na si vile?

Dereva wa Sabasaba

Siti ya mbele nimeshakaa, ngoja waje wenyewe.

Ila mkuu, konda wangu akiita Ng'ong'ona hiyooo, watu wanapanda. Hajawahi kushuka mtu kuuliza h imebaki wapi.

Msemaji Kweli

Huku ni kujitafutia kazi tu. Uzuri wa Kiswahili ni kwamba kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Herufi haitamkwi? Toa. Hizo h wamisionari walizichomeka huko nyuma na sisi tumezibeba kama zilivyo. Andika Ng'ong'ona, maisha yaendelee.

Mama wa Mvumi

Msemaji Kweli amesema: "Herufi haitamkwi? Toa."

Nani kakuambia haitamkwi, mwanangu? Mimi ni Mgogo wa Mvumi, Cigogo nimekunywa na maziwa. Hiyo h inatokea puani. Kuku kwetu ni ng'huku, si ng'uku. Mbuzi ni mhene. Tembo ni nhembo, na ukiniambia "nembo" nitadhani unatafuta mhuri wa serikali. Wageni hamuisikii kwa sababu hamjaizoea, lakini mtoto wa kijijini ukimkosea hapo anacheka palepale.

Mnaandika mnavyotaka kwenye magari yenu, sawa. Msiseme haipo.

Mwalimu wa Zamu

Shikamoo mama. Umeshamaliza, mimi naongeza ya darasani tu.

Wote mnaobisha, chukueni simu, zimeni kioo, kifuteni vizuri halafu kiwekeni chini ya pua. Semeni na, na, na. Kisha wekeni ulimi palepale pa n, midomo wazi kidogo, lakini kabla koo halijaanza kuunguruma toeni pumzi puani, ndipo muingie kwenye a: nha. Angalieni ukungu kwenye kioo. Wa pili ni mkubwa zaidi. Sasa wekeni kidole kooni mrudie. Kwenye na, koo linatetema tangu mwanzo. Kwenye nha linachelewa. Hiyo ndiyo h mnayotaka kuitupa.

Kwa lugha ya fonetiki, n, m na ng' za kawaida ni nazali ghuna, yaani sauti za puani ambazo koo linatetema. Hizi za Cigogo zina mpumuo, na mwanzo wake unakuwa sighuna, koo halitetemi. Katika alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa, ile mnayoijua kama IPA, nazali sighuna huwekewa kiduara kidogo chini: m̥, n̥. Ya ng' inaandikwa ŋ̊, kiduara kimepanda juu kwa kuwa chini mkia umeshachukua nafasi.

Pumzi yenyewe ilikotoka ndiko kutamu. Katika Kibantu cha kale majina mengi ya ngeli ya tembo na kuku yalianza na nazali iliyofuatwa na kipasuo, yaani sauti inayofungwa kisha ikaachiwa ghafla kama t, p au k: nt, mp, nk. Cigogo kikakiacha kipasuo, kikabaki na nazali na pumzi: nhembo, ng'huku. Kiswahili kikafanya kinyume chake. Kikaiacha nazali, kikabaki na kipasuo na pumzi. Msikilize mtu wa Lamu au Mombasa aliyekulia kwenye lahaja yake: tembo mnyama, t yake ina mpumuo, na tembo la mnazi halina. Paa wa porini ana mpumuo, paa la nyumba halina. Wanaisimu wanaziandika tʰembo na tembo, pʰaa na paa. Tahajia sanifu haikuzitofautisha, ikaandika zote sawa.

Kwa hiyo Msemaji Kweli, pumzi hiyohiyo Mgogo kaiandika, na Mswahili anayo lakini hakuiandika. Wewe unamlaumu aliyeiandika.

Msemaji Kweli

Mwalimu, hapo umenipeleka Lamu nikiwa nimekaa Area C. Sisi watu wa bara hatuzitofautishi hizo tembo mbili na tunaelewana vizuri tu. Mtu akisema amelewa tembo, nani atafikiria mkonga? Ukitaka kila pumzi iwe na alama yake, utaishia wapi? Kikohozi nacho utakiwekea herufi?

Dereva wa Sabasaba

Kikohozi nacho 😂😂 Msemaji leo umeamka vibaya.

Mwalimu wa Zamu

Hoja yako nzito, usidhani naidharau. Tahajia haijawahi kuandika kila kitu kinachotoka kinywani, na haitakiwi.

Chukua baba. Hizo b mbili Waswahili wengi huzitamka kwa kuvuta koromeo chini kidogo, upepo ukaingia ndani badala ya kutoka. IPA inaziandika ɓ. Kwenye mbu, b iliyotanguliwa na m inarudi kuwa b ya kawaida. Ni sauti mbili tofauti, na hakuna mtu amewahi kulalamika kwamba herufi ni moja, kwa sababu jirani ndiye anayeamua itoke ipi. Hakuna maneno mawili yanayotofautishwa na hilo. Ndiyo maana darasani tunaandika fonimu ndani ya mabano mshazari, /b/, na matamshi yenyewe ndani ya mabano mraba, [ɓ]. Mabano mshazari yanauliza kama sauti inabeba maana. Mabano mraba yanauliza mdomo umefanya nini.

Mkazo nao hauandikwi. Barabara ya kwenda Iringa na kazi iliyofanyika barabara, herufi ni zilezile nane. Moja mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho kama kawaida, nyingine umerudi nyuma. Tunaelewana.

Swali ni moja: tofauti hii ikiachwa bila kuandikwa, msemaji wa lugha hiyo anapoteza kitu? Mtu wa bara hana cha kupoteza kwenye tʰembo, mpumuo ulishamtoka. Mgogo hajautupa. Ukimwandikia nembo umemwandikia kitu kingine.

Mhandisi Uchwara

Nyie endeleeni na mapua, mimi nijibu la mfumo maana ndiko ninakokula.

Kile kikoma cha juu, walimu wanakiita ritifaa, kina kazi nyingine kabisa kwenye kompyuta. Programu ikituma amri kwenye kanzidata, maandishi hufungwa kati ya vikoma hivyohivyo. Yaani: tafuta kata inayoitwa 'Hombolo'. Sasa ukileta 'Ng'hong'honha', kompyuta inaona neno limeishia kwenye Ng, halafu inakutana na hong ambayo haijui iifanye nini. Mtu mbaya anaweza kutumia mlango huohuo kuchomeka amri zake, akafuta data au akaiba. Ni wizi wa siku nyingi na unajulikana dunia nzima.

Dawa yake nayo inajulikana: unatenganisha amri na maandishi, mtumiaji aandike anachotaka, kanzidata ikipokee kama maandishi tu. Mwandishi wa programu mvivu anachagua njia ya mkato, anapiga marufuku kikoma. Huyo hajawahi kukaa na Mgogo wala Msukuma. Nusu ya watu wa Shinyanga hawawezi kuandika majina ya ukoo wao.

Halafu kuna balaa la pili. Simu ikijifanya inajua, inakugeuzia kile kikoma kilichonyooka kuwa kilichopinda. Kwa macho ni kilekile, kwa kompyuta ni herufi tofauti. Andika ng'ombe kwa kikoma kilichonyooka, mwenzako atafute kwa kilichopinda, mifumo mingi itamwambia hakuna ng'ombe. Wenye Unicode, ile orodha ya kimataifa ya namba za herufi kwenye kompyuta, wametenga kabisa alama ya tatu, ʼ, namba 02BC, inayohesabiwa kuwa herufi na si alama ya uandishi. Ndiyo iliyopaswa kukaa kwenye ng'. Kwenye kibodi ya kawaida haipo.

Kijana wa Iyumbu

Mhandisi, asante sana. Kwa hiyo yule dada wa dirishani hakuwa na kosa, na mimi sikuwa na kosa, ila foleni nimepanga mara mbili.

Mwalimu, bado hujanijibu nani aliamua.

Mwalimu wa Zamu

Hakuna mtu mmoja. Kila aliyefika alikuja na masikio yake na herufi za kwao.

Wamisionari wa Kiingereza wa chama cha CMS (Church Missionary Society) walifika Mpwapwa miaka ya 1870. Wakasikia lugha, wakaiandika kwa mazoea ya Kiingereza upande wa konsonanti na ya Kiitaliano upande wa irabu. Wajerumani walipochukua nchi, kwenye ramani zao Mpwapwa ikawa Mpapua na Kilimanjaro ikawa Kilimandscharo. Angalia hiyo dsch: herufi nne kwa sauti moja tunayoandika j! Sauti haijabadilika, masikio ndiyo yamebadilika.

Kiswahili chenyewe kilikuwa kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu karne kadhaa kabla ya hapo. Utendi wa Tambuka ni wa 1728 na uko katika hati hiyo. Kiarabu hakina herufi ya p, ch wala ng', na irabu zake ni tatu kwa zetu tano, kwa hiyo waandishi walilazimika kuongeza nukta na kumwachia msomaji akisie. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilipoundwa 1930, Kiunguja kikiwa ndiyo msingi, tahajia ya Kilatini tuliyonayo ikasanifiwa.

Na jueni kulikuwa na njia nyingine mezani. Taasisi moja ya kimataifa ya lugha za Afrika, Diedrich Westermann akiwa kinara wake, ilitoa 1928 alfabeti ya kuandikia lugha za Afrika yenye ŋ, ɛ, ɔ, ɓ na nyingine. Lugha nyingi za Afrika Magharibi zilizichukua. Kiewe cha Ghana na Togo kinatumia ŋ mpaka leo. Kiswahili hakikuzichukua, kikabaki na ng', sh, ny, dh. Herufi mbili kwa sauti moja, lakini zote ziko kwenye mashine ya chapa. Binafsi naona tulichagua vizuri kwa wakati ule. Ila tungekuwa na ŋ leo, Kijana wa Iyumbu asingepanga foleni.

IPA ni mambo mengine. Chama chake kilianzishwa Paris 1886 na walimu wa lugha, Paul Passy akiwa mbele. Shida yao ilikuwa darasani, namna ya kumfundisha mtoto matamshi ya Kiingereza wakati maandishi ya Kiingereza yanadanganya. Wakataka alama moja kwa sauti moja, ya lugha yoyote ile. Chati yake ya konsonanti safu za wima ni mahali pa matamshi, kuanzia midomo kwenda kooni, na mistari ya mlalo ni jinsi ya matamshi: vipasuo, nazali, vikwamizi na kuendelea. Vyumba vilivyopakwa kivuli ni sauti ambazo mdomo wa binadamu hauwezi. Mwanafunzi akielewa hivyo vivuli tu, ameielewa chati nzima.

Haubi Kwetu

Nimefika, Warangi tusisahaulike.

Kiswahili kina irabu tano. Kirangi kina saba. Sasa mtu anakwambia "andika kwa herufi za Kiswahili tu, utaeleweka". Hizo mbili nikaziweke mfukoni? Kati ya i na e kuna irabu nyingine, na kati ya u na o kuna nyingine. Wenye kuandika Kirangi vizuri wanaweka kimstari katikati: ɨ na ʉ. Jina la lugha yenyewe ni Kɨlaangi. Kuna vitabu, kuna Maandiko, watu wazima wamejifunza kusoma kwa hizo herufi na zinawakaa vizuri tu.

Tatizo simu. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya nyumbani kila mtu anaandika i na u za kawaida, halafu maneno mawili tofauti yanafanana na ubishi unaanza. Mama mkubwa anaishia kutuma sauti. Ukimsikiliza unajua alichosema, ila dakika nne nzima.

Kidato cha Sita Mtarajiwa

Samahani Mwalimu, kuna kitu sijaelewa. Kwenye chati ya irabu ya IPA tuliyobandika darasani, ɨ iko katikati kabisa ya kinywa, si mbele. Ina maana Kirangi kina irabu ya katikati?

Mwalimu wa Zamu

Swali bora la uzi huu, na kwenye mtihani linaangusha wengi.

Hapana. Irabu hizo za Kirangi, kwa IPA ni ɪ na ʊ: moja ya mbele, moja ya nyuma, ulimi umeshuka kidogo kutoka i na u. Waliopanga maandishi ya Kirangi walihitaji herufi inayofanana na i lakini si i, inayosomeka kwa mtu aliyezoea Kiswahili, hata kwa mwandiko wa kalamu. Wakachukua ɨ. Hawakuichukua pamoja na maana yake ya kwenye chati.

Kwa hiyo ukiona ɨ ndani ya [ ], fikiria chati. Ukiiona kwenye kitabu cha Kirangi, muulize Mrangi. Alama ya fonetiki ina thamani moja dunia nzima. Herufi ya lugha ina thamani waliyokubaliana wenyewe.

Nyumbani Tlawi

Hamjambo majirani. Sisi wa Mbulu mtuhurumie kidogo.

Kiiraqw tuna sauti mbili za kooni ambazo Mwarabu anazijua vizuri, ʕ na ħ. Ya pili tunaandika hh, haina shida. Ya kwanza tunaiandika kwa mshazari: /. Ndiyo, mshazari huohuo wa tarehe! Msomali ana sauti hizohizo mbili, na walipochagua herufi za Kilatini 1972 wakazipa c na x zilizokuwa zimekaa bure, wakamaliza kazi. Sisi tuna neno linaloanza na /. Jaribu kulihifadhi kama jina la faili uone.

Halafu kuna sl na tl. Watu wanalisoma jina la Slaa kama s kisha l, wengine wanatia i katikati, Silaa. Hiyo sl ni sauti moja. Weka ulimi kama unasema l, zima koo, puliza upepo upite pembeni mwa ulimi. IPA ni ɬ, na Wazulu wanaiandika hl. Ya Tlawi ni ngumu zaidi. Inaanza na t, inaishia na hiyo ya pembeni, na koo linafungwa ili itoke kwa kishindo. Mtangazaji wa redio akisoma Tilawi tunacheka, tunamsamehe.

Mhandisi Uchwara

/ kama herufi 😂 Huyo aliyewachagulia alikuwa na ugomvi na mafundi wa kompyuta kabla hawajazaliwa. Mshazari ndio unaotenganisha folda. Kompyuta ikiona jina lina / inadhani unataka kuingia chumba kingine.

Mwalimu wa Zamu

Na fikiria mwanafunzi wangu anayetaka kuandika fonimu hiyo ndani ya mabano mshazari. ///. Mistari mitatu, na wa katikati ndio sauti.

Mtu wa Farkwa

Mmemaliza? Sasa njooni kwetu Chemba.

Kisandawe tuna vidoko. Watoto wa mjini wakisikia wanafikiri tunafanya mzaha. Kila Mswahili anakijua kimoja bila kukiita lugha: unaposonya kwa kuudhika, ncha ya ulimi nyuma ya meno. Kwetu hiyo ni konsonanti, inaanza neno kama k au t. Kidoko cha pili ncha inapanda nyuma ya ufizi na kuachia ghafla, mlio mzito. Cha tatu kinaachiwa pembeni, kwenye magego.

Mahali ni patatu, lakini msidhani ni sauti tatu. Kila mahali kidoko kinaweza kuwa kikavu, chenye mpumuo, ghuna, cha puani, au chenye koo lililofungwa. Tano mara tatu, kumi na tano. Vidoko peke yake! Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao wana vya mahali patatu, ila lugha si moja, tusichanganywe.

Maandishi yetu yanatumia c, q na x, kama Wazulu na Waxhosa. Herufi hizo tatu Kiswahili hakizihitaji, c ikiwa peke yake bila h. Kuanzia hapo unaongeza h, g, n au alama ya koo.

Mama wa Mvumi

Ehee. Lakini c ni yetu. Cigogo tunaandika kwa c, na inasomeka kama ch yenu ya Kiswahili. Tangu nikiwa mdogo vitabu vya kanisani vilikuwa na c.

Msemaji Kweli

Subirini nihesabu. c kwa Mgogo ni ch. c kwa Msandawe ni msonyo. c kwa Msomali ni koo. Na hao wote unawakuta Majengo sokoni siku moja. Halafu mnaniambia mimi ndiye mkorofi.

Mwalimu wa Zamu

Na kwa Mzulu ch si ch yako. Ni msonyo wenye mpumuo. Mpe mtu wa Durban neno chai asome kwa macho ya kwao, halafu msikilize.

Hapo ndipo alama za IPA zinapokuwa na faida. Si za kuandikia barua. Ni za kuelezana: "c ya kwenu ni [tʃ], c ya kwetu ni [ǀ]", mkamaliza ubishi. Hata zenyewe zina ugomvi wake. Mjerumani Lepsius alipotoa alfabeti yake 1855 aliandika vidoko kwa mistari iliyosimama. Chama cha IPA baadaye kikaja na herufi zake, ʇ, ʗ na ʖ. Wanaofanya kazi na lugha za kusini mwa Afrika wengi hawakuzipenda, wakaendelea na mistari. Mkutano wa chama hicho mjini Kiel, Ujerumani, 1989, ukakubali yaishe: ǀ kwa meno, ǃ kwa nyuma ya ufizi, ǁ kwa pembeni. Msiwaone wataalamu wanabishana mkadhani ni sayansi tupu. Mazoea ya mkono yana kura.

Kidato cha Sita Mtarajiwa

Mwalimu, na toni? Hakuna aliyeitaja.

Haubi Kwetu

Kirangi kina toni, yaani sauti kupanda na kushuka kunabadili maana, na kwenye maandishi yetu mara nyingi haiwekwi. Msomaji anaipata kutokana na sentensi. Ukiweka kimstari cha toni juu ya kila irabu, ukurasa unakuwa kama umepigwa na mvua ya mawe, mzee hasomi.

Mwalimu wa Zamu

Nakazia. Cigogo, Kisandawe na Kiiraqw nazo zina habari za toni, Kiswahili ndicho kilichobaki bila. Wanaisimu huandika á kwa toni ya juu na à kwa ya chini. Kwenye maandishi ya kila siku unaweka pale tu inapoleta mgongano, penginepo unaacha. Anayeandika kamusi aandike zote.

Kijana wa Iyumbu

Nimeelewa wakuu. Mtendaji nitamwacha na tahajia yake, maana ndiye aliye sahihi. Kwa mfumo nimeandika barua pepe kwa wahusika, nimebandika maelezo ya Mhandisi kama yalivyo. Wamejibu "tumepokea".

Dereva wa Sabasaba

"Tumepokea" ya ofisi tunaijua 😂. Mimi kioo sibadilishi. Rangi imeshakauka, na yule mchoraji h moja atanidai buku.

Mama wa Mvumi

Nitamlipa mimi hiyo buku. Mlete.

Mtu wa Farkwa

Mhandisi, msaada. Natengeneza orodha ya maneno ya babu kwenye Excel. Kidoko cha nyuma ya ufizi naandika kwa alama ya mshangao. Kila nikipanga kwa alfabeti, maneno yote ya namna hiyo yanaruka juu kabisa kabla ya a, kama vile si maneno.

Mhandisi Uchwara

Kwa sababu kwa kompyuta ! si herufi, ni alama ya uandishi, na alama hupangwa mbele. Tumia ǃ yenyewe, Unicode 01C3. Inafanana na mshangao lakini inahesabiwa kuwa herufi. Nakili hii hapa: ǃ. Bandika kwenye "tafuta na ubadilishe", itageuza zote kwa mpigo mmoja. Angalia tu usije ukabadilisha na mshangao wa kweli kama uko kwenye safu ya maelezo.

Mtu wa Farkwa

Imekubali, zimeshuka. Ila ya meno nilikuwa naandika kwa l ndogo, zimechanganyika na l za kweli.

Mhandisi Uchwara

Hapo hakuna mkato, itabidi upitie neno kwa neno na mtu anayejua kusikia. Ya meno ni 01C0, ya pembeni 01C1. Ukiwa na c, q na x usingepata hii kazi.

Mtu wa Farkwa

Najua. Ila orodha niliyorithi iliandikwa kwa mistari na aliyeiandika hayupo. Babu yupo, nitakaa naye Jumapili anitamkie neno moja moja.